Kadi Niliyoiandika kwa Jina la Mke Wangu

Mshauri wetu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka Voi, ingawa salamu ndizo zilizoniponza, na kabla sijafika mbali nakuomba unisaidie na usilitaje jina langu la kweli, maana mji wetu ni mdogo na duka langu liko barabarani, kila apitaye ananijua.

Mimi ni mwanamume wa miaka arubaini na mbili, nina mke mmoja, Khairat, na watoto watatu, na nina duka la leso nililoachiwa na marehemu baba yangu. Zamani duka lilikuwa likijiendesha lenyewe, lakini mitumba ilipoingia kwa wingi watu wakawa wanapita mlangoni kwangu kama hawalioni, wanakwenda sokoni kuchagua nguo chini, na mimi nikawa nakaa nyuma ya kaunta tangu asubuhi nikifukuza nzi. Ilipofika mwaka wa tisini na nne nilikuwa nimeshazungumza na mtu wa spea za baiskeli aje alikodi duka, nami niende Mombasa nikatafute kazi ya kuajiriwa, umri huu.

Aliyeniokoa ni mke wangu, na sisemi hivi kwa kumpamba. Khairat hupenda kusikiliza vipindi vya salamu redioni akipika, unavijua, mtu anainunua kadi yake, anaandika majina ya watu anaowasalimu, chini anaandika ujumbe, mtangazaji anasoma, na waliosalimiwa nao wanarudisha, mpaka watu wanajuana nchi nzima bila kuonana uso kwa uso. Mimi nilidhani ni mchezo wa watu wasio na kazi. Yeye akaniambia, "Idris, hawa wote wana majina na masanduku ya posta, na wanawake wote hawa wanavaa leso." Nikacheka. Akanunua kadi kumi kwa pesa zake za kushona, akajiita Mama Leso wa Voi, akaanza kuwasalimu wanawake aliokuwa akisikia majina yao, wa Wundanyi, wa Mwatate, wa Taveta, mpaka wa Kibwezi.

Miezi mitatu hakuuza hata leso moja, mshauri. Nikamwuliza, mbona hulitaji duka? Akanijibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichagua, "Kwanza wakisikia harufu ya biashara kadi haisomwi. Pili, kwani wewe ukisalimiwa na mtu mara ya kwanza akakutolea bei, utamwitikia?" Alikuwa na daftari lake, ndani ameandika nani kajifungua, nani anaoza binti, nani anauguliwa na mama yake, na wote hawa hajawahi kuwaona kwa macho. Mtu akisikia redioni anaombewa mama yake apone, na anayemwombea ni mtu wa Voi asiyemjua, utamzuiaje asirudishe salamu?

Kisha akafanya jambo ambalo mimi, mtoto wa muuza leso, sikuwahi kulifikiria. Kwenye ujumbe, chini ya kadi, akawa anaandika maneno ya leso mpya iliyoingia dukani. Leso imeandikwa Asante mama kwa malezi yako, basi ujumbe ni huohuo, na mtangazaji anausoma kwa sauti ya huruma asijue kwamba anatangaza mali, na kina mama kuanzia milimani mpaka Mtito Andei wanajua leso hiyo imefika kwa Mama Leso. Mashallah! Barua zikaanza kuja. Anayetaka kujua rangi, Khairat anamkatia kipande cha pindo kutoka kwa leso aliyoitenga kwa kazi hiyo, anakibana kwa pini kwenye barua, mtu anaishika rangi kwa mkono wake huko aliko kabla hajatuma hawala ya posta. Mizigo ikawa inatoka kwa basi na kwa gari la moshi, na karani wa posta akawa anatujua kwa jina. Mtu wa spea za baiskeli nilimwambia atafute kwingine.

Katika hao wanawake kulikuwa na mmoja, Mumbe wa Mbololo. Huyu alianza kwa kurudisha salamu tu, kisha akawa anakusanya mahitaji ya kina mama wa kanisani kwao na kuagiza kwa pamoja. Walisalimiana redioni mwaka mzima. Siku aliyoshuka Voi na kikapu cha kunde, akasimama mlangoni akauliza, "Mama Leso ni nani hapa?" Khairat alitoka mbio nyuma ya pazia, wakakumbatiana katikati ya duka wakilia na kucheka, yule Mkristo wa Kikamba na huyu wangu mwenye buibui, utadhani wamenyonya ziwa moja. Nilisimama pale na mita yangu ya kupimia nikaona haya mimi mwenyewe, sijui haya ya nini.

Sasa nakuja kwenye uovu wangu. Watu walianza kuniita mume wa Mama Leso. Msikitini, sokoni, kwa kinyozi, "Ah, mume wa Mama Leso, karibu." Nilicheka nao lakini ndani iliniuma. Duka la baba yangu, jina la mke wangu. Mwezi wa Mei dada yake Khairat akajifungua huko Malindi, na Khairat akaenda kumkalia mzazi mpaka arubaini iishe. Akaniachia duka, akaniambia, "Kadi usiziguse mpaka nirudi." Nikaitikia vizuri tu. Wiki ya pili nikajiambia, hii kazi ina ugumu gani? Kuandika majina kumi na mstari mmoja? Nami nilikuwa na jozi ishirini za leso moja ambazo zilikaa sana bila kwenda. Nikalifungua daftari lake, nikachagua majina, la mwisho nikaandika Mumbe wa Mbololo kwa kuwa ndiye mnunuzi mkubwa, na kwenye ujumbe nikaandika maneno ya zile leso zilizolala. Maneno yenyewe yalikuwa haya: Kelele za nini, na mume kakuacha? Nikatia sahihi ya Mama Leso wa Voi. Nikapeleka posta nikipiga mluzi.

Wallahi sikujua. Sikujua kwamba mwezi huohuo Mutiso, mumewe Mumbe, alikuwa amehamia Taveta kwa mwanamke mwingine. Khairat alikuwa akijua, Mumbe alimwandikia yeye peke yake, na mke wangu siri ya mtu haitoi hata kwangu. Na wala sikuwahi kujiuliza kwa nini leso za vijembe Khairat huziuza dukani tu, mkono kwa mkono, hajawahi hata siku moja kuyapeleka maneno yake redioni.

Siku iliyosomwa nilikuwa nimeongeza sauti ili wateja wasikie. Mtangazaji akasoma majina, akafika kwa Mumbe wa Mbololo, halafu ujumbe. Akacheka. Akasema, "Loo! Mama Leso leo ameamka vibaya," akaurudia mara ya pili. Jirani yetu Aliya alikuwa ameshika leso anaiangalia kwenye mwanga, akaiweka chini polepole, akaniuliza, "Idris, hiyo nani kaiandika?" Na mimi, mshauri, nikamjibu, "Mke wangu."

Siku ya tatu Mumbe mwenyewe alikuja. Alibeba mzigo mzima wa leso za kina mama wa kanisani, jozi kumi na mbili, hazijafunguliwa, akaziweka juu ya kaunta. Nikamwambia karibu chai. Akasema, "Mwambie mke wako nimesikia. Na Mbololo yote imesikia." Akatoka. Sikumfuata.

Khairat aliporudi alinikuta na uso huu nilio nao. Nikamweleza kwamba imesomwa kadi ya hivi na hivi kwa jina lake, na alipouliza imetoka wapi, nikamwambia labda huko redioni wamechanganya kadi za watu, au mtangazaji amejitungia. Aliniamini! Ndilo linaloniua, aliniamini palepale. Amemwandikia Mumbe barua mbili, zimerudi bila kufunguliwa. Wanawake waliokuwa wakimtaja kila wiki hawamtaji tena. Anakaa kando ya redio na daftari mapajani, kipindi kinaanza mpaka kinaisha, jina lake halisomwi, anaizima redio anakwenda kukuna nazi. Juzijuzi ameniambia, "Mimi na salamu basi. Lakini huyo mtangazaji nitamshtaki kwa wakubwa wake, amenivunjia jina na amemwumiza rafiki yangu." Ameandika barua ya kurasa tatu kwa mkuu wa redio. Nikajitolea kuipeleka posta. Iko mfukoni mwa shati langu hadi leo, siku ya nne, nimeshindwa kuituma na nimeshindwa kuichana, maana nikiituma kuna mtu asiye na kosa atafukuzwa kazi, na nisipoituma mke wangu atangoja jibu lisilokuja.

Nimefikiria nitume kadi redioni kwa jina langu mwenyewe, nimwombe Mumbe msamaha hewani ili wote waliosikia ubaya wasikie na uzuri. Au ninyamaze, watu watasahau, Khairat ataanza upya. Nakuomba uniambie, mshauri, maana nampenda mke huyu, na akijua ni mimi sijui ataniangaliaje.

Wako mwenye aibu,
Idris, Voi


MSHAURI BI MABLE ANAJIBU

Idris,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilijisahau kabisa nikimstaajabia mkeo. Nimekaa kwenye ukurasa huu miaka tisa, nimeletewa barua za wafanyabiashara wenye magari na makarani, na sijaona mmoja aliyefanya kama alivyofanya Khairat kwa kadi kumi na pini. Miezi mitatu anasalimu watu tu! Anakata pindo ili mwanamke wa Kibwezi aishike rangi kwa vidole vyake! Yule mama ana akili, ana subira, na ana adabu, na vyote vitatu aliviweka dukani kwako, duka ulilokuwa umeshaligawa kwa mtu wa spea. Kisha nikaisoma mara ya pili, na hapo ndipo nilipokasirika.

Unaapa kwamba hukujua Mutiso ameondoka. Nakuamini. Ungejuaje, na urafiki haukuwa wako? Wewe ulilifungua daftari ukaona majina ya wanunuzi. Mkeo akilifungua anaona watu. Ndiyo maana alikuambia usiziguse kadi, na wewe ukaitikia vizuri tu, halafu ukazigusa kwa sababu kinyozi alikuita mume wa Mama Leso. Ebo! Wangapi hapo Voi wangelipa kuitwa hivyo? Ungeitika, ukae kwenye kiti unyolewe.

Tena wewe ni mtoto wa duka la leso. Usiniambie hukuwahi kuona mwanamke akimnunulia jirani leso ya kijembe akampelekea hadi mlangoni, na ugomvi uliofuata. Unajua kabisa kwamba leso yenye maneno kama yale ikiwa juu ya rafu haimgusi mtu, lakini ukishaiambatanisha na jina, umemlenga mwenye jina. Wewe uliiambatanisha na jina, ukaipeleka redioni. Haraka ya kumaliza jozi ishirini ilikufumba macho.

Hata hivyo hilo ningekusamehe. Ni ujinga, na ujinga unaombewa radhi. Lile ambalo halijanitoka kichwani ni pale Aliya alipokuuliza nani kaandika. Ulikuwa na nafasi ya kusema neno moja, "Mimi," na jambo lote lingeishia hapo kwenye kaunta kabla ya jua kutua. Aliya angekwenda nalo mtaani, ndiyo, na wewe ungechekwa wiki mbili. Badala yake ukamtoa mkeo kafara. Na Mumbe alipokuja na mzigo kichwani, ametembea na aibu ile yote kutoka kwao hadi dukani kwako, ukamkaribisha chai! Mama wa watu hakufuata chai, alifuata ukweli, na wewe ndiye pekee uliyekuwa nao.

Pole lakini. Nasema pole kwa dhati, kwa sababu mtu mbaya angekwisha kuichana ile barua akalala usingizi wake. Wewe unatembea nayo mfukoni, basi bado una dhamiri. Sasa itumie.

Redioni usitume chochote. Umenielewa? Hata salamu za Idd. Ukimtaja Mumbe hewani mara ya pili, hata kwa msamaha, yule ambaye hakusikia mara ya kwanza atamgeukia jirani amwulize, kwani alifanyiwa nini? Na kunyamaza ndiyo usahau kabisa. Watu hawasahau, wanaacha tu kusema mbele yako.

Anza na Khairat. Mpe ile barua ya kurasa tatu kwa mkono wako, na umwambie hivi: mtangazaji hakukosea, mimi ndiye niliyeandika, nikakudanganya. Uishie hapo. Usianze hadithi ya kinyozi, usimwambie ulifanya kwa ajili ya duka, na usimwombe msamaha palepale ili upate kupumua wewe. Mwache akasirike. Akitaka kurudi Malindi kwa dada yake siku kumi, mkodie teksi hadi stendi na umbebee mkoba. Amekuwa akiadhibiwa kwa kosa lako tangu aliporudi, anastahili kukulaumu wewe muda usiopungua huo.

Kisha kwa Mumbe utakwenda mwenyewe, kwake, na mtu mzima mmoja mwanamke ambaye Khairat atamchagua, ili usiwe mwanamume anayepiga hodi kwa mama aliye peke yake na kumzidishia maneno. Usibebe leso, wala sukari. Mwambie kadi ile uliiandika wewe, mkeo akiwa Malindi, bila ruhusa yake na bila yeye kujua. Na nakuonya, usithubutu kumwambia, "Sikujua kwamba mumeo amekuacha." Utakuwa umemtamkia uso kwa uso lile ulilolituma redioni. Umeandika, umekosa, mkeo hakuhusika, basi. Halafu mwulize yeye kama anataka kina mama wa kanisani waambiwe, na nani awaambie. Akisema wewe, utasimama mbele yao useme. Akisema pasisemwe neno, hutasema.

Aliya naye umwambie ukweli. Huyo usimngoje akuulize mara ya pili.

Kuhusu kadi na daftari, mrudishie mwenyewe na ukae mbali. Akiamua kuanza tena atajua atakavyoanza, hilo halihitaji ushauri wangu wala wako. Akiamua kuacha, basi duka likirudi kufukuza nzi utawafukuza bila kunung'unika.

Limebaki moja. Majina nimeyabadilisha yote, na kijiji, na lile jina la redioni, hata maneno ya leso si yale uliyoyaandika, ili mama yule asisomwe tena na nchi nzima. Lakini mkeo atajijua kabla hajafika katikati ya barua yako, wewe huna hila ya kuandika. Ndiyo maana wiki mbili zilizopita nilikutumia barua kwa posta nikakueleza ukurasa huu utatoka lini, nikakuomba unijulishe kwamba umeshamwambia. Sijapata jibu. Kama ulimwambia ukasahau kunijibu, niwie radhi kwa ukali wangu. Kama hujamwambia, gazeti limeshafika Voi, na muda uliobakia kwako ni wa kutoka kaunta hadi jikoni.

Bi Khairat, kama umetangulia wewe kulisoma, pole sana mama. Rafiki yako hajui kwamba si wewe. Usimsubiri mumeo ajikusanye. Vaa buibui lako, kijiji unakijua, nenda leo.

Bi Mable